Nani apelekwe kupimwa macho, na lini

Mimi nashona sare za shule Mbuyuni, Moshi, na asiyeona vizuri namjua kabla hajasema. Mpe sindano na uzi. Akiwa amevuka 40 na anaisogeza mbali mpaka mkono unaisha, akapimwe. Mara nyingi ni umri tu, miwani ya kusomea inatosha, ila asiishie kwenye ile ya kutandazwa chini barabarani. Presha ya macho kwa kawaida haiumi, huanza kuiba uoni wa pembeni. Kama mzazi au ndugu yako anayo, usingoje dalili. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata kama gazeti analisoma.

Watoto ndio kazi, maana hawalalamiki. Anadhani wote wanaona hivyo. Mwangalie akiandika: pua imegusa daftari? Anafumba jicho moja juani? Ananakili kwa jirani badala ya ubaoni? Kwa mdogo, mzibe jicho kwa kiganja mkicheza. Akitulia ukiziba la kushoto, lakini akilia ukiziba la kulia, basi la kushoto huenda ni dhaifu. Makengeza nayo, usikubali kuambiwa "ataacha akikua." Jicho linalozembea hutibika vizuri zaidi utotoni.

Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, hata kwenye picha ya simu, usipange wiki ijayo. Inaweza kuwa saratani. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho, nenda. Na mtu mzima akiona vimulimuli vya ghafla, au kama pazia limeshuka, ni siku hiyo hiyo.