Kusoma programu ya chipu ya zamani kwa picha za hadubini

Kikokotoo cha mwaka 1978 kikizimika kabisa, programu yake haijafa. Imechorwa kwenye silikoni tangu kiwandani na haihitaji umeme ili ionekane. Kwa hiyo hata chipu iliyoungua tunaweza kuifungua, tukaipiga picha na kuzisoma biti, yaani zile 0 na 1 za programu, kwa macho. Mwaka 2003 mtu anayejulikana kwa jina la neviksti aliifanyia hivyo chipu ya Game Boy, kifaa cha michezo cha mkononi cha Nintendo: baiti 256 za programu ya kuwashia, yaani biti 2,048 (biti nane kwa kila baiti), alizipata kutoka kwenye picha.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki Kariakoo. Jioni nikishafunga kibanda hufanya kazi hii, na hapa naeleza njia ninayoifuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua chipu inayosomeka

Tunachosoma ni ROM ya kiwandani, kumbukumbu ya chipu isiyobadilika, ile ambayo biti zake ni maumbo halisi: transista ipo au haipo, tundu la kuunganisha lipo au halipo. Chipu zile zenye kidirisha cha kioo juu zinavutia kupiga picha na zinafaa kwa mazoezi, lakini data yake ni chaji ya umeme. Kamera haiioni. Zipo pia ROM ambazo tofauti ya 0 na 1 ni ioni zilizopandikizwa ndani ya silikoni, na hizo hazionekani mpaka zitiwe rangi kwa asidi. Anayeanza aziache.

Kwa kuanzia napendekeza TMS1000 ya Texas Instruments. Ilitumika kwenye vikokotoo na michezo ya mkononi, ROM yake ni baiti 1,024, na maumbo yake ni makubwa. Pita Gerezani kwa wauza chakavu, au uliza mafundi wa zamani, wengi wana makopo ya chipu wasizozitumia. Nunua mbili za namba moja. Namba yote iliyoandikwa juu ya chipu iandike kabla hujaigusa, maana maandishi hayo yatapotea.

Hatua ya 2: Kuvua plastiki

Wengi hutumia asidi ya nitriki inayotoa moshi. Usiilete nyumbani. Inakula mapafu, na kwenye nyumba zetu za kupanga, mlango kwa mlango, moshi wako ni wa jirani pia. Kama huna maabara yenye kabati la kuvuta hewa, tumia rozini, utomvu mkavu wa msonobari ambao mafundi wa kulehemu wanaujua. Iwe rozini iliyokwisha kusafishwa. Utomvu mbichi, kama ule unaogemwa Sao Hill kule Mufindi, bado una tapentaini na utawaka moto.

Kata miguu ya chipu, sugua plastiki kwa msasa juu na chini ibaki nyembamba, bila kufika katikati. Itie kwenye kikombe cha chuma pamoja na rozini, uchemshe nje ya nyumba kwa takriban nyuzi 320 za Selsiasi, wewe ukiwa upande upepo unakotoka. Weka mfuniko na ndoo ya mchanga karibu. Ikishika moto, funika, wala usimwage maji. Plastiki italainika na kumomonyoka polepole. Kazi hii huchukua saa kadhaa na kubadilisha rozini mara mbili au tatu. Usiharakishe kwa kuchokonoa.

Nilichokonoa mara moja kwa koleo ya chuma. Ilichora mstari mmoja tu, mwembamba kuliko unywele, ukapita katikati ya ROM na kuondoka na safu nzima ya biti. Ndiyo maana nasema nunua mbili. Tangu siku ile natumia koleo ya plastiki.

Hatua ya 3: Kuosha

Osha kipande cha silikoni kwa asetoni, kisha kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) ya betri (hakikisha dukani wanakupa maji, si asidi ya betri). Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, yakikauka huacha vidoa, na kidoa kimoja juu ya ROM kinafanana na biti. Kausha, kisha weka kwenye kikopo chenye vifuko vya kunyonya unyevu. Vifuko hivyohivyo viweke na lenzi zako, kuvu wa pwani hawachelewi kuzivamia.

Hatua ya 4: Picha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Hadubini ya shuleni hupitisha mwanga kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga unaoonekana. Utaona kivuli cheusi tu. Unahitaji hadubini ya metali, ambayo mwanga wake unashuka kupitia lenzi ileile na kurudi. Lenzi ya 20x yenye NA (kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) ya 0.4 hutenganisha vitu vilivyo umbali wa takriban mikroni 0.84. Kwa chipu za miaka ya 1970, zenye mistari ya mikroni kadhaa, inatosha kabisa.

Bandika silikoni juu ya udongo wa kuchezea watoto, uibonyeze mpaka ilale sawa. Ipime hivi: fokasi kona moja, nenda kona ya pili, ya tatu, ya nne. Kama unalazimika kugusa fokasi, bado imeinama. Panga mwangaza na rangi za kamera kwa mkono, zisijibadilishe zenyewe. Piga picha safu kwa safu, kila picha ikiingiliana na jirani yake kwa robo hivi. Mimi hupiga baada ya saa tano usiku, malori yakishapungua, kwa sababu mtikisiko wa barabara unaonekana wazi kwenye skrini.

Ziunganishe kwa Hugin, programu ya bure. Biti hujipanga kwa nafasi sawa, kwa hiyo programu hudanganyika kirahisi na kuruka safu. Hesabu safu (za mlalo) na nguzo (za wima) kwa kidole: kwa TMS1000 lazima upate biti 8,192, pungufu hata moja kuna mahali umekosea.

Hatua ya 5: Kusoma biti

Programu ya MaskRomTool ya Travis Goodspeed itakusaidia: unachora mistari ya safu na nguzo, inaweka alama kila inapokutana, kisha inatofautisha biti kwa rangi. Kagua kila alama mwenyewe. Mimi na mpwa wangu tunasoma kila mtu peke yake, halafu tunalinganisha mafaili, na palipotofautiana tunarudi kwenye silikoni, si kwenye picha.

Hatua ya 6: Kuzipanga

Biti hazikulazwa kwa mpangilio wa baiti. Kwa kawaida nguzo zimegawanywa katika makundi manane, kila kundi likitoa biti moja ya kila baiti, na makundi mengine yamegeuzwa kama kwenye kioo. Huenda pia umbo linaloonekana ni 0 na si 1. Jaribu zote.

TMS1000 ina ukaidi wake: kurasa 16 za maagizo 64, na kihesabio chake, kinachoonyesha agizo linalofuata, hakiendi 0, 1, 2, 3. Kwa heksadesimali (namba za tarakimu 16, 0 hadi 9 kisha A hadi F) kinakwenda 00, 01, 03, 07, 0F, 1F, 3F, 3E na kuendelea hivyo. Ukisoma kwa mfululizo wa kawaida utapata takataka na kudhani picha ndiyo mbaya.

Kipimo changu ni hiki. Kwenye seti yake ya kawaida ya maagizo, baiti za C0 hadi FF ni wito wa kwenda sehemu nyingine ya programu, na 0F ni agizo la kurudi. Chukua miito kumi, fuata kila mmoja unakoelekea, ukikumbuka kwamba ukurasa huwekwa na maagizo ya 10 hadi 1F. Ikiangukia kwenye vipande vifupi vinavyoishia na 0F, umeipata. Hifadhi faili pamoja na picha zote ghafi kwenye diski mbili, na ile silikoni irudishe kwenye kikopo chake.