Jinsi ya kuandika barua ya kirafiki kuhusu maisha ya shule na afya yako, ikasomeka mpaka mwisho

Wengi wanaijua barua ya kirafiki kama swali la mtihani wa Kiswahili tu, ila kwa walioko bweni ni barua ya kweli kabisa, maana shule nyingi za bweni simu haziruhusiwi, ukitaka kumweleza mwenzio aliyehama shule kwamba wiki jana uliumwa na mmepangwa upya mabwenini inabidi ushike kalamu. Naandika kwa ajili ya wote, wa mtihani na wa posta, kwasababu kinachoifanya barua iwe nzuri ni kilekile.

Muundo tuupitie haraka maana ndo sehemu rahisi. Juu upande wa kulia anwani yako wewe unayeandika: jina la shule, chini yake S.L.P. na namba, chini yake mji, halafu tarehe. Anwani ni moja tu, ukiweka na ya unayemwandikia hapo umeshaingia kwenye barua rasmi. Unashuka kushoto, Mpendwa fulani, mkato. Salamu, kiini, kuaga, halafu chini Rafiki yako akupendaye na jina lako. Hakuna KUH (kichwa cha kutaja barua inahusu nini), hakuna cheo. Kama ni mtihani na swali limekupa jina la kutumia, tumia hilohilo, usiweke jina lako halisi.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Karibu kila mwanafunzi anaanza hivi: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Maneno matamu, wazazi wetu waliandikiana hivyohivyo, siyachukii. Lakini ukimaliza hiyo sentensi alafu aya ya pili unasema "nililazwa siku mbili kwa malaria", msomaji anakuamini wapi? Ushamwambia mzima wa afya njema. Barua inayohusu afya haiwezi kuanza na salamu ya kukariri, lazima salamu iseme ukweli wa hali yako siku hiyo unayoandika.

Kwahiyo kabla hujaandika chochote jiulize vitu viwili. Kwanza, huyu ninayemwandikia ni nani na mara ya mwisho tulizungumza nini? Kama alikwambia shuleni kwao maji ni ya shida, muulize maji, sio "habari za masomo". Pili, ni tukio gani moja nataka alione? Moja tu. Ukitaka kusimulia muhula mzima utaishia kuandika "tunasoma kwa bidii, walimu ni wazuri, chakula ni kizuri" na hakuna mtu duniani atakayekumbuka barua hiyo.

Ukiandika ugonjwa kuna mpangilio wake na huu naomba uushike. Anza na hali yako ya sasa, maana aliye mbali hawezi kukuona na kama ni mzazi au dada yako hatalala. Ukishamtoa wasiwasi ndo urudi nyuma: ulianzaje kujisikia, nani alikusaidia, ulipimwa nini na majibu yakasemaje, umepewa dawa gani na umebakiza ngapi. Watu wengi wanaruka hapo kwenye kipimo, wanaandika "nilikuwa na malaria" kumbe hawakupima, kichwa kiliuma tu wakanunua dawa dukani. Kama hukupima andika "nilisikia homa", inatosha.

Ngoja niwaonyeshe. Tuseme Asha anasoma Ukerewe na rafiki yake Neema kahamia Njombe. Anwani na tarehe tayari, anaendelea:

"Mpendwa Neema,

Habari za huko na baridi lake? Barua yako niliipata Ijumaa, mwalimu wa zamu ndo alinipa tukitoka paredi, nikaisoma mara mbili kabla ya kipindi cha kwanza.

Naendelea vizuri sasa, naanza na hilo usije ukashtuka, maana wiki jana niliumwa. Jumatatu usiku kwenye prepo nikaanza kusikia baridi wakati wenzangu wote wanajipepea na madaftari. Nikajifunika kitenge, bado natetemeka. Matroni akanishika shingoni akasema hii sio ya kusubiri asubuhi, tukaenda zahanati usiku uleule. Nikatobolewa kidole, tukakaa kwenye benchi kama robo saa, kipimo kikatoa mistari miwili. Malaria. Nikapewa dawa mseto, vidonge vinne kwa mara moja, asubuhi na jioni kwa siku tatu, na nesi akasisitiza ile mara ya pili nimeze baada ya masaa 8, nisingoje mpaka kesho yake, na nisimeze tumbo tupu. Siku ya pili homa ikakata nikataka kuacha, ila dada mkuu alikuwa anasimama pembeni ya kitanda mpaka nimeze.

Unajua neti yangu ilikuwa imechanika pale miguuni tangu muhula uanze, nilikuwa naikunjia tu chini ya godoro. Jumamosi nimeishona na uzi wa sweta.

Mengine ni kama ulivyoyaacha. Makande ya Jumatano bado yana mawe, na ticha wa hesabu bado anaingia kabla kengele haijalia. Nimekosa vipindi viwili vya fizikia, mambo ya lenzi, kama nyie mshafika huko niandikie ulivyoelewa. Na ile midomo yako iliyopasuka kwa baridi, ulipata mafuta ya kupaka?

Wasalimie wote bwenini kwako.

Rafiki yako akupendaye,
Asha."

Angalia hajahubiri popote. Hajaandika "malaria ni ugonjwa hatari unaoenezwa na mbu jike aina ya Anofelesi, tujikinge kwa kulala ndani ya chandarua". Ni kweli tupu hiyo, lakini ni ya daftari la baiolojia. Ameandika neti imechanika miguuni na akaishona na uzi wa sweta, na Neema akisoma tu hapo lazima usiku ataikagua na yake. Kwenye insha za afya hapa ndipo maksi zinapopotelea: swali linasema mwandikie rafiki yako ukimweleza umuhimu wa usafi, mtu anaacha barua anaandika hotuba, tuoge kila siku, tukate kucha, tunawe mikono. Msimulie kilichotokea kwenu. Bweni lenu walipata upele watu wangapi, mkaambiwa mfue mashuka yote siku moja na kuyaanika juani na kutibiwa wote kwa pamoja, kwasababu akitibiwa mmoja peke yake anaambukizwa tena na jirani wa kitanda. Ushauri umo ndani ya stori tayari.

Kitu kingine, usimwandikie mwenzio kipimo cha dawa yako ili na yeye atumie. Vidonge vinne vya Asha ni vya mtu mwenye kilo 35 na kuendelea, mwenye kilo chache anapewa pungufu. Simulia ulichopewa wewe, alafu mwambie akisikia dalili akapime.

Na andika ya mahali ulipo, maana afya ya shule inafuata mazingira na rafiki yako hajui ya kwenu. Wa Njombe ana mengi ya kumwambia wa Ukerewe, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zenye baridi ya kuganda umande, mafua yanayozunguka bweni zima, watu wanakwepa kuoga. Wa Ukerewe naye anaishi na Ziwa Victoria, anaweza kumwelezea kichocho, kwamba kuna vijidudu vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ukiogelea au ukifulia ziwani, na siku ya kugawa dawa mnapangwa mstari mnapimwa urefu kwenye ubao ulioandikwa idadi ya vidonge, mkiwa mmeshakunywa uji. Huo ubao wa kupimia urefu, mtu wa Njombe huenda hajawahi kuuona. Huo ndo uandike!

Wa shule za kutwa msijione hamna la kuandika. Kutembea mwendo mrefu asubuhi bila kitu tumboni mpaka macho yanaona giza kipindi cha tatu, hiyo ni afya. Kukesha na msuli, yaani kujisomea usiku kucha, kabla ya mitihani alafu kusinzia kwenye pepa, ni afya. Macho kutosoma ubaoni mpaka unahamia dawati la mbele pia. Hata huzuni, unaweza kumwandikia rafiki yako kwamba siku hizi usingizi hauji na hupendi kula, hakuna sheria inayosema ugonjwa lazima uwe wa kutetemeka.

Ila hapa kuwa makini. Baadhi ya shule barua zinafunguliwa na mwalimu kabla hazijakufikia, kwahiyo la siri kabisa kaa nalo mpaka muonane, au kamwone matroni, patroni au mwalimu wa malezi uso kwa uso. Ugonjwa wa mtu mwingine usiuandike kwa jina lake hata kama bweni zima linajua, sema "mwenzetu mmoja", basi. Na kama unaumwa sasa hivi, barua haina haraka hiyo, itachukua siku kadhaa kufika, nenda kamwambie mwalimu wa zamu leo alafu uandike ukishapona.

Kuhusu lugha, kwa rafiki wa kweli andika mnavyoongea, "ndo" na "ticha" haviharibu kitu. Kwenye mtihani rudi kwenye sanifu, "ndiye aliyenipa", "mwalimu wa hisabati", lakini usirudi nyuma mpaka kwenye upeo wa macho yangu. Kenya nako muundo ni huohuo, anwani moja na S.L.P. yake.

Kuaga usijaze. Ile ya kalamu kuishiwa wino haina kazi kama bado una swali la kumuuliza. Asha ameacha mawili, lenzi na midomo, na hayo ndo yatamfanya Neema ajibu. Ukimaliza isome kwa sauti ya chini, pale unapojikwaa na mwenzio atajikwaa.

Kwenye bahasha andika jina kamili, kidato na mkondo wake, jina la shule, S.L.P. na mji. Kidato na mkondo wengi wanasahau, na barua zikifika shuleni zinagawiwa darasa kwa darasa, shule yenye wakina Neema sita yako inaweza kumfikia Neema mwingine kabisa. Ukimpa mtu anayesafiri na basi akupelekee, mwandikie nyuma ya bahasha aikabidhi ofisi ya shule na sio mwanafunzi yeyote atakayemkuta getini.