Somo: Okidi yako ya kwenye chungu, uihamishe au uiache?

Habari zenu wadau. Hili somo nimelianza kichwani siku nyingi maana swali linajirudia lile lile, mtu anaona mizizi imetoka nje ya chungu inaning'inia hewani anapata hofu kwamba mmea umebanwa, anatafuta chungu kikubwa anajaza udongo wa bustani, miezi miwili haijaisha majani yamelegea na mmea umekufa. Inaniuma sana kwa sababu ule mmea ulikua mzima kabisa.

Nazungumzia zaidi Phalaenopsis, zile zenye majani mapana manene na maua kama vipepeo, ndo wengi wetu tunazo. Porini haziishi kwenye udongo, zinaota juu ya miti, mizizi imekumbatia gome, mvua ikinyesha inalowa upepo ukipita inakauka. Na hazinyonyi mti, zinajishikiza tu. Mzizi wake umevaa ngozi nene kama sponji, ukilowa unakua kijani na ukikauka unarudi rangi ya fedha. Kwa iyo mzizi kutoka nje ni tabia yake, sio kilio.

Hatua ya 1: amua kwanza. Hapa ndo pa kutulia. Usiangalie kilichotoka nje, angalia kilichomo ndani. Ingiza kidole katikati ya vile vipande vya magome ya miti ilimopandwa, chukua kimoja ukifinye. Kikiwa bado kigumu uko salama. Kikipondeka na kubaki kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika basi hakipitishi hewa tena na mizizi itaoza, kwa kawaida magome yanafika hapo baada ya mwaka mmoja mpaka miwili hivi. Nusa pia, harufu ya uozo haijifichi. Tikisa mmea taratibu, ukiyumba sana ujue chini hakuna kilichoushika. Na dalili inayodanganya watu wengi ni majani kukunjamana wakati unamwagilia vizuri tu, mtu anadhani ni kiu anaongeza maji, kumbe mizizi imeshaoza haiwezi kunywa na yale maji ndo yanaimalizia.

Hujaona hata dalili moja? Iache ilipo, hamna haja ya kuisumbua.

Kama ina maua na hali sio mbaya subiri yapukutike, wakati mzuri ni ukiona jani jipya au ncha za mizizi zimeanza kua kijani. Ila kama inaoza usisubiri, kata hilo shina la maua uokoe mmea, maua yatarudi.

Hatua ya 2: andaa vitu. Magome mapya yaloweke usiku kucha, makavu maji yanateleza tu juu yake. Chungu kiwe na matundu ya kutosha, mimi napenda cha plastiki angavu kwa sababu naona mizizi bila kuichokonoa. Saizi ni ya kutosha mizizi basi, ukizidisha katikati panabaki na maji siku nyingi, na ukishakata iliyooza mara nyingi unarudi kwenye chungu kile kile au hata kidogo zaidi. Mkasi uchome kwenye moto kisha uache upoe, spiriti peke yake haitoshi kuua virusi, na urudie kila ukihamia mmea mwingine maana virusi vya okidi vinasafiri kwa mkasi na havina dawa.

Hatua ya 3: toa na ukague. Mwagilia kwanza mizizi ilainike, kisha minya minya chungu mpaka itoke. Ondoa magome yote ya zamani na uchungulie chini ya shina, nyingi zinatoka kwa wauzaji zikiwa na kisponji au donge la sfagnamu (aina ya moss, mimea midogo laini inayoshika maji sana) katikati ya mizizi, hapo ndo uozo unapoanzia wakati nje panaonekana pakavu. Alafu finya mzizi mmoja mmoja. Mgumu unabaki hata kama umekua kahawia. Laini, mtupu, ngozi inachubuka unabaki uzi, kata mpaka ukutane na sehemu ngumu.

Hatua ya 4: panda. Majani ya chini yakae juu ya magome, shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, ukiifukia inaoza. Mizizi ya hewani usiilazimishe kuingia, inavunjika na mingine inaoza. Jaza huku unagonga gonga chungu, na kama bado unayumba fungia kijiti, mzizi mpya ukisuguliwa suguliwa ncha yake inakufa.

Hatua ya 5: kama ulikata mizizi mingi kaa siku 3 mpaka 5 ndo umwagilie, vidonda vikauke. Mwanga wa kutosha lakini sio jua kali. Mbolea usiiguse mpaka uone mzizi mpya.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mwalimu nimeambiwa nipake unga wa mdalasini nilipokata, ni kweli?
Jibu: Kwenye kidonda cha jani sawa, unakausha. Kwenye mizizi hapana dada, unakausha hadi ile mizima.

Swali: Mkuu nimekata kata nikabaki na mzizi mmoja tu urefu wa kidole, nitupe?
Jibu: Usitupe kabisa. Tafuta chungu kidogo sana, weka sfagnamu uliyoiloweka ukaikamua vizuri, ifunike na mfuko angavu wenye matundu, kivulini. Jani la chini likigeuka njano usilikate, mmea unajilisha kutoka humo. Ni kazi ya miezi lakini nimeona zikirudi.

Swali: Yangu ina vishina virefu kama miwa midogo, nayo ni hivyo hivyo?
Jibu: Hiyo inaonekana ni Dendrobium, inapenda kubanwa kuliko hizi. Ihamishe pale machipukizi mapya yanapoanza kutoa mizizi, na chungu kiwe kidogo tu. Ikitaka kuanguka kiingize hicho chungu ndani ya kingine kizito, usiipandishe saizi. Na vishina vya zamani visivyo na majani usivikate kama bado vimejaa, ni ghala la chakula na maji.

Swali: Nimefuata somo nimetoa yangu, magome mazima, mizizi mizima, ila nimekuta hicho kisponji kimelowa chepechepe. Sasa?
Jibu: Umefanya vizuri kuchungulia. Kitoe kwa vidole taratibu bila kuvuta mizizi, vipande vikigoma viache, rudisha kwenye chungu hicho hicho na jaza lile tundu la katikati kwa magome. Kabla ya kumwagilia tena subiri mpaka mizizi yote irudi rangi ya fedha.