Jinsi ya kumlaghai paiki kwa samaki wa mbao chini ya barafu

Kumwinda paiki, samaki mkubwa wa ziwani anayekula samaki wengine, kwa mkuki ndani ya kibanda chenye giza juu ya barafu ni jambo la kawaida Minnesota, jimbo la Marekani, wakati wa baridi; samaki wa mbao ni chambo cha kumvuta tu. Leseni na kanuni za ziwa lako, hasa urefu wa samaki unaoruhusiwa, zisome kabla ya kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: tundu. Barafu mpya iliyo ngavu isipungue sentimita 10 kwa mtu wa miguu; kibanda kinataka zaidi. Chagua ukingo wa majani ya majini, kina cha mita 2 hadi 4. Toboa pembe nne kwa keekee, kata kwa msumeno sentimita 60 kwa 90, weka kibanda, ziba kila mwanya wa mwanga.

Hatua ya 2: samaki wa mbao. Sentimita 15 hadi 25, mapezi ya bati, madini ya risasi tumboni ili azame. Wa plastiki waachie watoto. Mjaribu kwenye pipa: alale sawa au ainamishe pua kidogo. Mkia ukizama, sogeza tundu la mshipi nyuma. Pinda mkia upande mmoja ili ukivuta aogelee duara dogo kuliko tundu la barafu. Ukiupinda mno atazunguka kama pia, na mshipi utajisokota.

Hatua ya 3: paiki anapotokea. Wengi humpoteza hapa, na kosa ni la mkono ulioshika mshipi.

Kabla hajaonekana, mwinue samaki wa mbao sentimita 15 au 20, mwachie ateleze, duara mbili tatu, kisha mtulize nusu dakika. Mning'inize juu ya majani, kwa sababu macho ya paiki yamekaa juu ya kichwa na hupenda kushambulia kutoka chini. Vidagaa wakitawanyika ghafla, shika mkuki.

Akija kasi na kuuma mbao, usimnyang'anye. Huitafuna kidogo, na huo ndio wakati wako.

Akija polepole kama gogo, mapezi tu yakipepea, punguza mwendo: ncha ya kidole inatosha. Mtikisiko uliomwita kutoka mbali ndio utakaomfukuza akiwa karibu. Lakini usigande kabisa mara tu anapofika, maana chakula kinachokufa ghafla humtia shaka.

Msumbufu ni yule anayesimama ukingoni mwa tundu, kichwa tu kikionekana. Usirushe mkuki. Vuta samaki wa mbao taratibu kuelekea upande wa pili, kama anayetoroka, wala usimpeleke kwake; dagaa hamkimbilii anayetaka kumla. Asiposogea, tulia hesabu ya kumi, kisha mtikise mara moja tu. Akianza kurudi nyuma, mwinue kwa haraka nusu mita: wengine hugeuka. Akikataa mara mbili, badilisha awe mdogo zaidi. Watu hubishana mno juu ya rangi, lakini ukubwa na mwendo ndivyo vya kurekebisha kwanza.

Hatua ya 4: mkuki. Meno saba yenye miba, uzito wa kilo 3 au 4, kamba ifungwe kwenye kibanda, si mkononi. Meno yawe tayari ndani ya maji, yasirushe maji unapoachia. Ngoja awe chini yako kabisa, kwa kuwa ukimtazama kwa mshazari maji hupinda mwanga na utapiga pasipo samaki. Lenga nyuma tu ya kichwa.

Kabla ya kuachia, hakikisha si maski, ndugu yake ambaye kuchomwa mkuki ni marufuku Minnesota. Paiki ana madoa meupe juu ya mwili wa giza na ncha za mkia za mviringo. Maski ana alama nyeusi juu ya mwili mweupe na ncha kali. Ukisita, mwache apite.

Ukimpata, mkandamize chini hadi atulie, ndipo uvute. Ukihama, chomeka matawi kuzunguka tundu: utando mpya wa barafu hauonekani, na anayefuata njia hiyo hajui.