Kabla hujatia spana kwenye baiskeli ya resi isiyo na jina

Ukikuta sokoni baiskeli nyembamba ya chuma, usukani umejikunja kwenda chini, imepakwa rangi ya mlango kwa brashi na haina jina popote, furaha iweke mfukoni kwanza. Baiskeli za namna hii zinafika hapa Tabora kwenye mizigo ya mtumba, na mpaka zitufikie zimeshapita mikono mingi. Stika zilishabanduka, magurudumu yalishabadilishwa, na muuzaji hajui lolote zaidi ya bei yake. Watu wengi hawaumii siku ya kununua. Wanaumia wiki inayofuata, wanapoanza kufungua na kununua spea kabla ya kujua wameshika nini.

Beba sumaku. Isiponata kwenye fremu, hiyo ni aluminiamu na maelezo haya hayakuhusu.

Pitisha vidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, karibu na kibomba cha mbele kinachobeba usukani. Ukihisi mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, iligonga kitu. Iache hapo ilipo, hata kama bei ni ya kutupwa.

Pindua baiskeli. Namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini ya kile kibomba kifupi ambamo ekseli ya pedeli inapita. Usipoiona hapo, tafuta kwenye kiungo cha siti au kwenye midomo inayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Safisha kwa kitambaa na mafuta ya taa. Msasa weka mbali kabisa, maana namba nyingine zimegongwa juu juu, na ukisugua mara mbili umeifuta. Piga picha kwa simu. Namba peke yake ni nadra kukupa jina la mtengenezaji, lakini ndiyo itakayoandikwa kwenye hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na hiyo hati idai.

Ukiwa bado na simu mkononi, itoe baiskeli nje asubuhi jua likiwa chini, uangalie bomba la chini kwa ubavu. Herufi za stika ya zamani huwa zinaacha mwinuko mdogo chini ya rangi mpya. Watu wanakimbilia kukwangua rangi ili waone kilicho chini, na kwa kukwangua wanaondoa hichohicho walichokuwa wanakitafuta.

Sasa soma vyuma. Anza na midomo ya nyuma. Kama ni vipande vinene vya kufuliwa vyenye jina, kwa mfano Campagnolo, Shimano, SunTour, Simplex au Huret, mtengenezaji hakubania pesa. Kama ni bati bapa lililokatwa, na kibadilisha gia kimeshikwa na kipande cha chuma kilichobanwa kwa ekseli, ilikuwa baiskeli ya bei nafuu tangu inazaliwa, hata muuzaji aape kwa jina la nani. Lakini jina la kwenye mdomo ni la aliyetengeneza mdomo. Nimeshasikia mtu anatangaza ana baiskeli ya Campagnolo kwa sababu ya neno lililo kwenye kipande kinachoenea kiganjani. Viungio vya mabomba vilivyochongwa kwa urembo navyo visikulevye. Kampuni kama Nervex iliuza viungio kwa watengenezaji wengi, kwa hiyo fremu mbili zenye viungio vilevile zinaweza zisiwe na undugu wowote.

Pima nafasi kati ya midomo hiyo kwa ndani. Milimita 120 ni enzi ya friwili ya gia tano, 126 ni ya sita au saba, 130 ni ya nane na kuendelea. Kipimo hiki kinakupa enzi kwa haraka, ila angalia kama kuna aliyeitanua fremu kwa nguvu ili gurudumu jipya liingie.

Spea zenyewe zina tarehe. Vibadilisha gia vya nyuma vya Campagnolo vya miaka ya 1970 vimeandikwa neno PATENT na tarakimu mbili za mwaka, na nati za habu zao zina CAM na mwaka. Shimano waligonga herufi mbili ndogo nyuma ya kifaa: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo DF ni Juni 1979. Usiamini tarehe moja. Friwili na magurudumu ndiyo hubadilishwa kwanza, kranki na shingo ya usukani hukaa muda mrefu. Tarehe tatu zikikubaliana, hapo una mwaka. Kila moja ikisema lake, una baiskeli ya kuungaunga, na hakuna ubaya mradi ulipe bei ya kuungaunga.

Ubora wa mabomba unaonekana kwenye bomba la siti. Chomoa nguzo ya siti upime unene wake. Ikiwa milimita 27.2, mara nyingi ni mabomba mazuri yaliyokonda katikati, kama Reynolds 531, ambayo Waingereza walianza kuyauza mwaka 1935, au Columbus ya Italia. Fremu za Kifaransa zenye mabomba hayohayo ya Reynolds mara nyingi huchukua 26.4, kwa hiyo usizidharau. Ikishuka hadi 25.4, ni bomba nene la kawaida. Ukipata nafasi ya kutoa foku, ingiza kidole kwenye bomba lake kutokea chini. Foku za Columbus za daraja la juu zina matuta yanayozunguka kwa ndani, unayahisi kabisa kwenye ncha ya kidole, na juu ya bomba hilo kunaweza kuwa na njiwa mdogo aliyegongwa. Huyo njiwa hajali rangi imepakwa mara ngapi.

Yote hayo ukikosea utaaibika tu kijiweni. Linalokuja ukikosea unaua fremu.

Kuna mwalimu kijana anakaa Isevya alipata baiskeli ya aina hii, fremu safi, nyepesi, haina hata alama ya kugonga. Tatizo lilikuwa moja: pedeli ilikuwa inalia. Akaipeleka kwa fundi, mzee aliyefungua Phoenix tangu huyo mwalimu hajazaliwa. Baiskeli hizi tunazobebea mkaa na magunia zinafuata uzi wa Kiingereza, ambao kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli, kile kinachoshika gololi ndani ya kibomba, kina uzi wa kushoto. Kwa kukifungua unazungusha kufuata saa. Mzee akatoa cha kushoto vizuri, akahamia cha kulia, akafanya kama anavyofanya kila siku.

Kikombe kikagoma.

“Hiki kina kutu, mwalimu.” Wakamimina mafuta ya taa, wakasubiri, wakarudi na bomba la maji la kurefusha spana. Kijana wa fundi akaikalia fremu. Spana ikateleza, ikala pande bapa za kikombe. Wakaleta patasi na nyundo, wakipiga kuelekea kulekule. Fremu ilikuwa ya Kifaransa, na kwa Wafaransa wa enzi ile vikombe vyote viwili vina uzi wa kulia. Kila walivyosukuma kufungua ndivyo walivyozidi kukaza. Mwisho kikombe kikapasuka, kikatoka vipande vipande pamoja na sehemu ya uzi.

Ingeishia hapo fremu ingepona. Lakini wakachukua vikombe vipya vya Phoenix. Cha kushoto kikaingia mizunguko michache kimelegea, kikaanza kukaza, na mzee akasema kinashika, ongeza nguvu. Hakikuwa kinashika. Uzi wa Kiingereza una kipenyo cha inchi 1.37, yaani kama milimita 34.8, na mistari 24 kwa inchi. Wa Kifaransa ni milimita 35, na mstari mmoja kila milimita. Vinakaribiana mno, kwa hiyo kimoja kinaingia ndani ya kingine vizuri tu kwa kuanzia, halafu vinaanza kulana. Cha kulia, ambacho kisingeweza kuingia kwa namna yoyote, kikapigwa nyundo. Nilipoletewa, ndani ya kibomba kulijaa unga wa chuma unaong'aa, na uzi ulikuwa umelala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Nikaomba kile kikombe cha kushoto cha zamani. Kilikuwa kwenye kopo la gololi, kimejaa grisi. Nikakifuta kwa kidole gumba. Imechongwa usoni, wazi: 35 × 1.

Namna ya kuiponya ipo: unakata uzi mpya mpana zaidi, wa Kitaliano, milimita 36 kwa mistari 24. Tapu ya kazi hiyo hapa mjini sijaiona. Na mzee sijamlaumu hata kidogo, alifanya sahihi kwa baiskeli anayoijua.

Kwa hiyo, kabla ya spana yoyote kugusa kikombe cha kulia, fanya hivi. Pima upana wa kibomba kutoka ukingo hadi ukingo, bila vikombe kuhesabiwa. Milimita 70 ni Kitaliano, vikombe vyote uzi wa kulia. Milimita 68 inaweza kuwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswisi, na hapo endelea kutafuta. Fremu za Kijapani nyingi zinafuata Kiingereza. Raleigh za zamani zina uzi wao wenyewe wa mistari 26, mara nyingi kwenye kibomba cha 71 au 76. Futa grisi kwenye uso wa vikombe, maandishi yapo mara nyingi kuliko unavyodhani. Soma pedeli zenyewe pia: herufi D na G za kulia na kushoto ni Kifaransa, D na S ni Kitaliano.

Usipopata maandishi, toa kikombe cha kushoto tu. Hicho kwa aina zote hizi kinafunguka kinyume cha saa. Chukua kikombe cha Phoenix, kibandike ubavu kwa ubavu na hicho ulichotoa, uzi uingie ndani ya uzi, uvielekeze kwenye mwanga. Mistari ikilala pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupenya, uzi ni mmoja. Ikianza vizuri halafu ikaanza kupandana na mwanga ukatokeza, umeshapata jibu na hujaharibu kitu. Tahadhari moja: Waswisi walitumia 35 × 1 lakini cha kulia wakakipa uzi wa kushoto, na baiskeli nyingi za Motobecane, kampuni ya Kifaransa, ziko hivyo. Ukifika hapo, jaribu pande zote mbili kwa nguvu ya mkono wa kawaida, mafuta ya kupenyeza, na subira ya siku mbili. Bomba la kurefusha spana liache kwake fundi magari.

Ukishajua fremu ni ya Kifaransa, mashaka hayo yahamishie kila penye uzi. Pedeli zao za zamani ni milimita 14, za kawaida ni inchi 9/16, na ukilazimisha ya kawaida unakata kranki. Friwili ya Kiingereza inaingia kwenye habu ya Kifaransa imelegea, utafurahi mpaka kilima cha kwanza. Shingo ya usukani ni 22 kamili badala ya 22.2. Kichomoleo cha kranki ni 22 kwa nyingi, lakini kranki ya Stronglight ya zamani inataka 23.35 na ya TA inataka 23.

Tairi nazo zimewatia watu hasara nyingi za bure. Unaenda dukani unaomba tairi ya 28, unapewa ya Phoenix, 28 × 1½. Hiyo rimu yake ni milimita 635. Baiskeli ya resi inataka 622, ile inayoandikwa 700C, au 630, inayoandikwa inchi 27. Na kwa kukuchanganya zaidi, tairi ya 700C yenyewe inaweza kuandikwa 28 pembeni. Achana na inchi, soma namba ya milimita yenye tarakimu tatu kwenye ubavu wa tairi. Ya 630 ukiivisha kwenye rimu ya 622 itaruka ukipampu. Ya 622 kwenye 630 utavunja chuma cha kutolea tairi, na vidole juu yake. Tyubu ndiyo haina makuu, ya 28 nyembamba inakubali kwenye zote tatu. Na kama rimu haina kingo kabisa, imebonyea tu juu, hiyo ni ya tairi za kubandika kwa gundi. Panga kutafuta magurudumu mengine.

Mengine ni ya kawaida. Kranki ya kotapini usiigonge nyundo bila kuiwekea egemeo la bomba chini yake. Kibadilisha gia cha Simplex cha plastiki kisibanwe kwa hasira, kinapasuka. Gololi zilizotoka usizichanganye, na kila kilichotoka kihifadhi, hata kilichovunjika, maana maandishi yanaweza kuwa hapo. Piga picha kabla ya kila hatua. Rangi ipake ukishamaliza haya yote. Stika mpya ya jina kubwa juu ya rangi ya brashi ni ya kucheka tu. Na kama muuzaji anakukataza kuipindua uangalie chini, mrudishie baiskeli yake, mshukuru, ukanunue Phoenix.