SOMO: Kulainisha nyuzi za mgomba kwa kimeng'enya cha bakteria

Swali la "nyuzi zangu za mgomba zimekuwa ngumu kama waya, nifanyeje?" nimelijibu mara nyingi mno. Naweka yote hapa. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Ugumu unatokana na gundi ya mmea, hasa pektini. Akina mama wa pwani wanaofukia makumbi ufukweni kwa miezi kadhaa kabla ya kuyaponda wapate usumba wanafanya kazi hiihii: bakteria wa kwenye tope wanatoa vimeng'enya, gundi inaliwa, usumba unabaki. Sisi tunatumia kimeng'enya chenyewe, kilichokwisha kuvunwa kutoka kwa bakteria wa jamii ya Bacillus, na kazi ya miezi inakuwa ya saa chache. Dukani ulizia pektinesi ya alkali, ile ya kusafishia pamba. Ya viwanda vya juisi inatokana na kuvu na inataka maji ya asidi, pH 4 hadi 5 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), kwa hiyo hapa haitafanya chochote.

1. Kata mgomba uliokwisha kutoa mkungu. Kwangua siku hiyohiyo au kesho yake, la sivyo utomvu unageuka kahawia na hautoki tena.

2. Chambua maganda. Ya nje ni ya kamba, ya katikati ndiyo ya uzi, ya moyoni yanakatika.

3. Kwangua nyama yote kwa bapa butu juu ya ubao. Osha papo hapo, kausha, pima uzito.

4. Andaa maji. Hatua hii ndiyo niliyowahi kuiharibu, na ndiyo inayowaangusha wengi, basi twende taratibu. Kwa kilo 1 ya nyuzi kavu tumia lita 20 za maji ya bomba au ya kisima, gramu 40 za bikaboneti ya sodiamu (ile ya kuumulia), na gramu 20 za sabuni ya maji isiyo na ioni kutoka kwa wauza kemikali za nguo. Pasha moto hadi sentigredi 55 KWANZA, ndipo upime pH. Bikaboneti ikipata moto hupoteza gesi na pH hupanda yenyewe kutoka kama 8.3. Ukikimbilia kuongeza soda ashi (kabonati ya sodiamu, inayopandisha pH) maji yakiwa baridi, utapitiliza. Lengo ni 8.5 hadi 9.

Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila kalsiamu kidogo. Kwa hiyo EDTA (kemikali inayofunga madini ya maji) au kilainisha maji chochote HAKIINGII sasa, kwa sababu kinainyakua kalsiamu yote, na utakaa saa tano ukitazama maji masafi na nyuzi zilezile. Kama unahitaji EDTA, iweke baada ya hatua ya 7. Sabuni ya unga ya kufulia ni mbaya zaidi: ina vilainisha maji, na nyingi zina vimeng'enya vya kula protini. Kimeng'enya chako nacho ni protini, kitaliwa. Dawa ya klorini nayo inakiua.

Sufuria iwe ya chuma cha pua. Chuma cha kawaida kikikutana na utomvu, nyuzi zinakuwa nyeusi.

5. Weka kimeng'enya kwa kipimo cha lebo. Lebo isiposema, anza na gramu 10. Tumbukiza nyuzi zikiwa zimeshalowa.

6. Shikilia sentigredi 50 hadi 55 kwa saa 2 hadi 4, geuza kila baada ya dakika 15. Mwanzoni nyuzi zinakwaruza vidole kama majani makavu, baadaye zinateleza kama mlenda. Utelezi huo ni pektini inayoachia. Chomoa uzi mmoja, utie kwenye chupa ya maji ya moto, tikisa mara 20. Ukichanua kuwa nyuzi nyembamba, tayari.

7. Pandisha hadi sentigredi 85 kwa dakika 15 ili kimeng'enya kife. Mwaga maji yakiwa bado ya moto na suuza kwa maji ya moto kwanza. Ukisuuza kwa baridi, nta inaganda tena juu ya uzi.

8. Kausha kivulini, chana.

MASWALI

Mbegu75: Mkuu, naweza kutumia sabuni ya unga? Niliyo nayo ni nzuri sana.

Jibu: Hatua ya 4.

KijanaWaKazi: Nimefuata kila kitu, hazijalainika. Somo lina kasoro.

Jibu: Hujataja maji gani, pH ngapi, joto ngapi. Nikosoe, lakini kwa namba.

KijanaWaKazi: Maji ya mvua. Joto nilipima kwa mkono, yalikuwa ya moto.

Jibu: Mkono hautofautishi 55 na 70, yote yanaunguza. Na maji ya mvua hayana kalsiamu ya maana. Changanya nusu kwa nusu na ya kisima, nunua kipimajoto, kisha urudi.

MamaUkili: Samahani mwalimu, kwa nini kimeng'enya kisile na uzi wenyewe?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Uzi ni selulosi, mnyororo wa glukosi. Pektini ni mnyororo wa asidi ya galakturoniki, na kimeng'enya hiki kinashika huo tu. Hatari iko kwenye bidhaa rahisi zilizochanganyika na selulesi, kimeng'enya kinachokula selulosi. Zijaribu hivi: loweka uzi wa pamba tupu kwenye mchanganyiko wako usiku kucha kwa joto lilelile, na mwingine kwenye maji ya bikaboneti bila kimeng'enya. Wa kwanza ukikatika kirahisi kuliko wa pili, bidhaa hiyo usiitumie.

Mzee_Kagera: Majivu yanatosha, haya mengine ni gharama.

Jibu: Sijasema majivu hayafai, mzee wangu. Kijoka, kule Okinawa, Japani, nyuzi za mgomba huchemshwa kwa maji ya majivu na kufumwa nguo nyepesi mno. Lakini inabidi yachemke hasa. Hesabu kuni na maji ya kusuuzia.

Tanga_Mkonge: Na katani iliyotoka korona (mashine ya kukwangulia mkonge)?

Jibu: Itasafishika, ila usitegemee ulaini wa pamba. Sehemu ya ugumu wake ni lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu, na kimeng'enya hiki hakigusi lignini.

MamaUkili: Maji yaliyobaki nimwagie bustani?

Jibu: Ya kusuuzia mwisho, sawa. Ya kwanza yana sodiamu, ukiyarudia palepale udongo utashikana. Bwawa la samaki usilikaribie kabisa: ile gundi iliyoyeyuka ni chakula cha bakteria, nao watamaliza oksijeni.