Kuiona X iliyofungwa kwenye seli za shavu

Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume moja. Ili jeni za X zisimzidie mwanamke maradufu, kila seli hufunga X moja angali kiinitete. Iliyofungwa hujikunja ikawa doa zito, lile ambalo Murray Barr na Ewart Bertram waliliona kwenye seli za neva za paka mwaka 1949. Shule ya sekondari ya Nairobi yenye hadubini ya lenzi ya 100 inaweza kulionyesha.

Pata mwanamke mtu mzima aliyekubali, asukutue mdomo. Kwangua ndani ya shavu kwa kijiti bapa cha mbao, utupe ukwanguo wa kwanza: umejaa seli zilizokufa na bakteria. Kwangua tena palepale, paka utando mwembamba kwenye slaidi, uitumbukize papo hapo katika ethanoli ya asilimia 95 kwa dakika 15 hadi 30. Hapa ndipo wengi huharibu. Utando ukikaukia hewani, viini husinyaa na doa hupotea, na Januari Nairobi hukauka ukiwa bado unatafuta chupa.

Itoe, dondoshea rangi ya orseini ya asilimia 1 hadi 2 iliyoyeyushwa katika asidi ya asetiki ya asilimia 45, weka kioo chembamba cha kufunikia, ngoja dakika 5 hadi 10, kisha nyonya ziada kwa karatasi ya kuchujia. Fungua madirisha, ni siki iliyokasirika.

Kwa lenzi ya 40 chagua viini visivyopandana, halafu tia mafuta ya hadubini uende 100. Doa lina upana wa takriban maikromita 1, ubapa wake umegandama ukingoni mwa kiini kama nusu andazi ukutani. La katikati usilihesabu. Vidoa vilivyotapakaa hadi nje ya kiini ni bakteria. Hesabu viini 100. Hata 20 vikiwa nalo umefaulu, kwani doa lililo juu au chini ya kiini huwezi kulitenga.

Wanafunzi usiwatumie. Kila X inayozidi moja hufungwa, kwa hiyo mvulana wa XXY ataonyesha doa na msichana mwenye X moja hataonyesha, na darasani si mahali pa kujulia hayo.

Kuku waache: jogoo ana kromosomu mbili za jinsia ziitwazo Z, lakini hafungi moja nzima. Nzi wa matunda pia, kwa kuwa dume huichapuza X yake moja ifanye kazi ya mbili. Ila yule paka jike wa mabaka meusi na ya chungwa nyuma ya hoteli, waonyeshe wanafunzi: jeni ya uchungwa iko kwenye X, na baka la chungwa na jeusi kila moja limefunga X tofauti.